Mafunjo ya mwaloni: nitawafundishaje watoto na wazazi wao kwa vitendo?

Mwalimu wa P.6, Busia

Habari zenu wote.

Nafundisha sayansi darasa la tano na la sita (P.5 na P.6) katika shule moja ya msingi upande wa Ziwa Victoria, wilaya ya Busia, Uganda, si mbali na Majanji. Kati ya shule na ziwa kuna ukanda wa mafunjo ambao watoto wanaupita kila siku wakienda kuchota maji. Miaka ya karibuni watu wanauchoma wakati wa kiangazi ili walime mpunga na majimbi. Siwalaumu upesi. Wengi wao ni wazazi wa wanafunzi wangu, na mashamba ya juu yamegawanywa mpaka yamebaki vipande.

Kitabu kinasema ardhioevu huchuja maji, huzuia mafuriko, na ni makazi ya viumbe. Watoto wanakariri, wanaandika kwenye mtihani, wanapata alama. Jioni yake mtoto yule yule anashika panga kumsaidia baba kufyeka. Hilo ndilo linaloninyima raha.

Nimefikiria tufanye siku ya vitendo tarehe 2 Februari, Siku ya Ardhioevu Duniani: madarasa yote mawili yashuke ziwani, tupande miti ukingoni, aje mgeni azungumze, wazazi waalikwe. Bajeti sina. Na nina hofu na maji, maana watoto ni wengi na mimi ni mmoja.

Jambo jingine: mwaka fulani walikuja wageni wakahutubia kwa saa nzima juani, wakagawa fulana, wakaondoka. Hakuna mtoto aliyegusa hata jani moja. Sitaki kurudia hivyo.

Darasani nina watoto wa Kisamia, Wajaluo, Waganda na Wateso, kwa hiyo kazi za nje nazifanya kwa Kiswahili. Mliowahi kufanya kitu kama hiki, nianzie wapi?

Katibu wa Mwalo

Mwalimu, pole na kazi, na asante kwa kuuliza. Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya mwalo kwa miaka mingi, na sasa shule za huku hunialika niwatembeze watoto. Utanisamehe nikiandika kirefu, jambo hili liko moyoni mwangu.

Tuanze na tarehe. Mkataba wa ardhioevu ulitiwa saini 2 Februari 1971 katika mji wa Ramsar kule Iran, ndiyo sababu dunia huadhimisha siku hiyo. Lakini kwetu Uganda siku hiyo shule huwa bado zimefungwa au ndiyo kwanza zinafunguliwa, na wazazi wanahangaikia karo na sare. Ni bora uende muhula wa pili, mvua zikiwa zimetoka kunyesha na mito bado inashusha tope, maana hapo kuna kitu cha kuonekana kwa macho. Kisha usiifanye kuwa siku moja. Chagueni kipande kimoja cha mafunjo ambacho mtarudi pale pale kila muhula na daftari lile lile. Watoto wa P.5 wakipanda P.6 wawakabidhi wadogo zao daftari. Mafunzo yamo katika kulinganisha, na huwezi kulinganisha kitu ulichokiona mara moja.

Kuhusu wazazi, tazama mwezi kabla ya kuandika barua ya mwaliko. Wavuvi wa mukene (dagaa) hutoka usiku wa giza na taa zao. Mwezi ukiwa mpevu taa haivuti samaki, kwa hiyo wanapumzika nyumbani. Ukiwaita wakati wa giza watakuwa wamelala mchana, na mama zao na wake zao wamo juani wanaanika mukene. Ukiwaita wakati wa mbalamwezi watakuja.

Miti: tafadhali usipande mikalitusi pale. Ndiyo miche inayopatikana kwa urahisi na ndiyo inayogawiwa kwenye sherehe, lakini hapa Uganda mtu akitaka kukausha kinamasi hupanda mkalitusi, kwa jinsi unavyonywa maji. Mafunjo yakiachwa yanarudi yenyewe. Kama lazima mpande, pandeni huku juu, kwenye mteremko wa shule unakotoka udongo unaoteremka ziwani.

Sasa hofu yako ya maji. Hofu hiyo ni ya haki na ndiyo ningeiweka mbele ya yote, kwa sababu pwani yote hii ya ziwa ina kichocho. Minyoo wachanga hutoka kwa konokono, huogelea, na hupenya kwenye ngozi ya mtu ndani ya dakika chache, hasa mchana jua likiwa kali. Kwa hiyo "vitendo" kwetu haimaanishi kuwatia watoto majini. Mtoto hakanyagi maji. Mtu mzima mwenye buti ndefu za mpira na glavu ndiye anayechota. Maji ya kufanyia majaribio yachotwe mapema, yakae ndani ya jerikani siku mbili, kwani wale minyoo hufa wasipompata mtu. Konokono hashikwi kwa mkono mtupu. Ukiwafundisha hili tu, siku yako haikupotea. Usiwape watoto hofu ya ziwa lao, wape sababu. Na kabla ya kushuka muulize mvuvi wa pale kama viboko wameonekana asubuhi hiyo. Yeye anajua, mimi na wewe hatujui.

Kazi zenyewe, hizi ndizo nimeona zinawashika watoto.

Chupa mbili. Chukua chupa za plastiki za lita moja na nusu, kata ubavu mmoja wa kila chupa, zilaze zikielekea chini kidogo, mdomo juu ya kikombe. Moja tia udongo mtupu. Nyingine tia kipande cha mizizi ya mafunjo, kile kitanda kilichosokotana. Mimina maji ya tope kiasi kile kile kwa kila moja. Mtoto mmoja ahesabu sekunde mpaka tone la kwanza, mwingine aangalie rangi. Ile ya mizizi itachelewa na itatoa maji safi zaidi. Lakini suuza mizizi kwanza, mara mbili tatu, la sivyo maji ya mwanzo yatatoka na uchafu wa mizizi yenyewe na watoto watakuambia ukweli kwamba chupa yako imechafua maji.

Sahani nyeupe na nyeusi. Kifuniko cha ndoo chenye upana wa kama sentimita 20, paka robo mbili nyeupe na mbili nyeusi, funga jiwe chini, kamba yenye fundo kila sentimita 10. Mvuvi anaishusha kutoka kwenye mtumbwi, upande wa kivuli, mpaka isionekane, anapaza sauti idadi ya mafundo, watoto walioko nchi kavu wanaandika. Njia hii ilianzishwa na padri Mwitaliano, Angelo Secchi, mwaka 1865, na wataalamu wa maziwa bado wanaitumia hadi leo. Pimeni mbele ya mafunjo yaliyosimama, kisha mbele ya palipofyekwa, saa ile ile. Waeleze watoto kwamba maji yanayotoka katikati ya mafunjo yana rangi kama chai ya rangi, na hiyo si tope. Inatoka kwenye majani yaliyooza. Tope hutulia chini ya bilauri ukiiacha usiku kucha, rangi ile haitulii. Wapeni bilauri mbili waone wenyewe.

Bua na kisiki. Mafunjo hukua haraka sana, na yakikomaa hupita mita nne. Kateni bua moja na mfunge utepe kwenye kisiki. Watoto wote watakuambia kisiki kitachipua. Hakichipui. Bua jipya hutoka pembeni, kwenye mzizi unaotambaa, na hilo ndilo la kupima kila wiki kwa kamba. Siku mtoto anapogundua hivyo ndipo anapoelewa kwa nini kukata si kosa na kuchoma ni kosa: anayekata anachukua bua, anayechoma wakati wa kiangazi anaweza kuunguza kitanda chenyewe cha mizizi, na pale hakutatoka kitu tena kwa muda mrefu.

Kwa hilo la tatu usifundishe wewe wala mimi. Mwite mama anayesuka majamvi. Kila kijiji cha huku yuko. Yeye anajua bua lililokomaa kwa kuligusa, anajua kwa nini anaacha machanga, anajua alikuwa akikata wapi zamani na sasa anatembea mpaka wapi. Mwombe awasimulie hilo la mwisho, akiwa anapasua mabua na watoto wanasuka naye. Nimemwona baba mmoja mwenye shamba la mpunga amesimama nyuma ya watoto, amesikiliza mpaka mwisho. Kwenye hotuba asingekaa.

Na mvuvi mzee aje na kamongo hai kwenye beseni. Samaki huyu anavuta hewa kama sisi, watoto watamwona akipanda juu kuivuta. Huzaa ndani ya mafunjo, na dume ndiye anayelinda kiota. Halafu waonyeshe fulu, wale wadogo ambao Waganda huwaita nkejje. Mputa, yaani sangara, aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akala aina nyingi sana za fulu mpaka zikatoweka. Baadhi walibaki pembezoni na ndani ya mafunjo, kwa sababu maji ya mle yana hewa kidogo, fulu anaivumilia na mputa mkubwa hawezi. Mtoto wa mvuvi akisikia hivyo hana haja ya kuambiwa "makazi ya viumbe".

Mzee wa Mto Sio

Katibu amesema vizuri, na mimi niongeze la mafuriko, maana watoto wa leo wanadhani yameanza 2020.

Mimi nilikuwa kijana mdogo maji yalipopanda miaka ile baada ya uhuru. Kipimo cha ujazo wa ziwa pale Jinja mwezi Mei 1964 kilifika mita 13.41, na baba yetu alituhamisha na ng'ombe. Hakikufika hapo tena mpaka Mei 2020, kilipoandika mita 13.42. Mialo mingi ilizama, vyoo vikajaa ziwa, watu wakalala kanisani na madarasani.

Mwalimu, alama za maji ya 2020 bado ziko kwenye kuta za majengo ya karibu na ziwa. Wape watoto futi kamba wapime kutoka alama hiyo mpaka maji yalipo leo, kwa kwenda chini na kwa kwenda mbele. Kisha wamuulize bibi au babu maji ya 1964 yaliishia kwenye mti gani. Wachore ramani. Hakuna gharama hapo, na wazee wanapenda kuulizwa.

Ila msiwafiche upande wa pili. Wapo watu wanaosema mafunjo ni adui, na wana sababu: Aprili 2020 kisiwa kizima cha mafunjo kilimeguka, kikaelea mpaka bwawa la Nalubaale pale Jinja, kikaziba mitambo, umeme ukakatika nchi nzima. Mtoto atauliza. Mwambieni kwamba mafunjo hukaa juu ya maji, ziwa likipanda nayo hupanda, ndiyo nguvu yake. Yakishamegwa pembeni na kukatwa vijia, na upepo ukavuma, yanang'oka. Kingo zinazoshikana hazing'oki kirahisi.

Na kumbukeni ardhioevu yetu ya Sio-Siteko haijui mpaka. Sehemu yake iko Kenya. Shule ya ng'ambo wana mafunjo yale yale na wavuvi wale wale. Andikianeni, mlinganishe mafundo ya ile sahani.

Niliyekaa Gazi

Salaam. Mimi ni wa Tororo lakini nilifanya kazi Kwale, pwani ya Kenya, nikakaa karibu na Gazi. Kule ardhioevu yao ni ya bahari, mikoko, na elimu wanaifanya kwa mikono hasa. Kuna mradi wa kijiji, Mikoko Pamoja, ulioanza kuuza hewa ya ukaa, yaani kulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na mikoko, mwaka 2013 kwa kutunza hekta 117 za mikoko. Fedha zinarudi kwenye maji ya bomba na vitabu vya shule, kwa hiyo mtoto anaona kwenye meza yake ni nini mikoko imeleta. Kina mama nao wamejenga njia ya mbao juu ya maji, mgeni analipa, wanamtembeza na kumpikia.

Nilichokipenda zaidi ni kwamba mtoto wa Gazi hasemi "miti". Anakwambia huu mkoko, huu mchu, huu mlilana, huu mkandaa, na kila mmoja unasimama wapi kulingana na maji ya bahari yanavyokupwa na kujaa. Mwalimu, hata kwenu waulize watoto majina ya majani yote ya kinamasi kwa Kisamia, Kijaluo, Luganda na Kiteso, muyaandike kwenye daftari hilo la Katibu. Nadhani utashangaa wanayojua.

Lakini msiige upandaji wao. Mche wa mkoko unachomekwa kwenye tope na unaota. Mafunjo hayahitaji hivyo.

Kama mnatafuta mfano wa kipato wa hapa hapa Uganda, ni Mabamba, upande wa Entebbe, kinamasi kilichoingizwa kwenye orodha ya mkataba ule wa Ramsar mwaka 2006. Wavuvi wa pale zamani walimuua bulwe, yule korongo mkubwa mwenye mdomo kama kiatu, wakiamini akionekana samaki hawapatikani siku hiyo. Sasa baadhi yao ndio wanaoendesha mitumbwi ya watalii wanaokuja kumtafuta ndege huyo huyo.

Mwalimu wa P.6, Busia

Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Mikalitusi nimeifuta kwenye mpango, na tarehe nimehamisha muhula wa pili.

Nina maswali mawili. La kwanza, nilitaka watoto watumie chujio kutafuta wadudu wa majini na kupima usafi wa maji. Nilisikia kuna njia ya Afrika Kusini ya kupanga wadudu kwa makundi, miniSASS. Inafaa? La pili ni gumu. Baba mmoja mwenye mpunga kwenye kinamasi amekuja shuleni, ameuliza kama siku hii ni ya kumletea watu wa NEMA, mamlaka ya mazingira. Nimjibu nini?

Katibu wa Mwalo

Hilo la wadudu kwanza. miniSASS ni njia nzuri, ina makundi 13, lakini imetengenezwa kwa ajili ya mito na vijito vyenye maji yanayotiririka. Kinamasini itawadanganya, kwa sababu maji yaliyotulia ya mafunjo kwa asili yake yana hewa kidogo, na utapata wale funza wekundu hata pale ambapo hakuna uchafu wowote. Ipelekeni kwenye kijito cha juu ya shule kama mnacho. Kwenye mafunjo tumieni chujio la chai na beseni jeupe kwa kujua tu nani anaishi humo: watoto wa kereng'ende, viluwiluwi, mende wa maji. Mtu mzima ndiye anayechota, kama nilivyosema, na watoto wanatazama beseni bila kutia vidole. Wachore walichokiona, msitoe alama ya usafi.

Swali la pili ndilo zito, na nakushukuru kwamba hukulikwepa. Ukimjibu yule baba vibaya, siku yako imekufa, na mtoto wake hataruhusiwa kushuka.

Sheria ipo na usiifiche. Kwa kanuni za mwaka 2000, mita 200 kutoka ukingo wa ziwa letu ni ukanda wa hifadhi, na katiba ya 1995 inasema serikali ndiyo inayoshika ardhioevu kwa niaba ya wananchi, na Sheria ya Ardhi ya 1998 inaikataza kuikodisha au kuimilikisha kwa mtu. Lakini kanuni hizo hizo zinaruhusu matumizi ya jadi: kuvuna mafunjo na matete, dawa za mitishamba, kuchota maji ya nyumbani, kuvua kwa mgono na mkuki. Watu wengi wa huku wanajua sehemu ya makatazo peke yake, kwa sababu ndiyo wanayosomewa. Wasomeeni na hiyo nyingine.

Yeye mwambie hivi, na uwe unamaanisha: siku hii ni ya watoto kupima, hakuna jina la mtu litakaloandikwa, hakuna picha ya shamba la mtu itakayopigwa. Daftari linabaki shuleni na mzazi yeyote anaweza kulifungua. Halafu mwombe akusaidie. Anajua kinamasi kile kuliko sisi wote, anajua maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi. Muulize kama mwaka 2020 alivuna. Mwache ajibu mbele ya watoto kama anataka, na asipotaka usimsukume. Mimi nafahamu wakulima walioacha wenyewe ukanda wa mafunjo kati ya mpunga wao na ziwa baada ya mawimbi kula shamba, bila afisa yeyote kufika.

Afisa wa mazingira wa wilaya usimlete mara ya kwanza. Mfahamishe kwa barua, kwa heshima, umwalike muhula unaofuata watoto wakiwa na vipimo vya kumwonyesha. Barua nyingine ipeleke kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na kwa uongozi wa mwalo. Kwa uongozi wa mwalo omba mtumbwi mmoja, mvuvi wa kushusha sahani na mwenzake, na majaketi ya kuokolea, hata kama hakuna mtoto atakayepanda. Watoto wagawe makundi ya kumi kumi, kila kundi na mzazi wake, makundi mawili tu ukingoni kwa wakati mmoja, mengine yabaki juu na mama wa majamvi. Ukishapata tarehe iandike hapa. Mizizi ya chupa mimi nitaileta, imesuuzwa.

Mwalimu wa P.6, Busia

Nimeongea na yule baba jioni hii. Amesema atakuja, na ana mgono wa zamani wa marehemu baba yake ambao watoto hawajawahi kuuona. Mama wa majamvi amekubali pia, ila anataka mabua yakatwe siku mbili kabla ili yanyauke kidogo. Mzee, futi kamba tunayo moja tu, nitatumia kamba ya katani na kuipigia mafundo. Nikipata kalenda ya mwezi nitawaandikia tarehe.